Meno Mawili ya Chini

Nilikuwa na miaka ishirini na gredi ya B plasi nilipoamua kwamba nitakuwa rubani wa jeshi. Sikumwambia mtu yeyote kwa siku tatu. Kwetu, kati ya Kiptere na Sigowet, kijana aliyemaliza kidato cha nne alikuwa na njia chache zilizojulikana: ualimu, ukarani wa kiwanda cha chai, upolisi, au kubaki nyumbani akichuma majani ya babake hadi akatiwe kipande chake cha shamba. Mtu akisema anataka kurusha ndege, watu wangemuuliza kama amekula.

Tangazo nililiona dukani. Mwenye duka alikuwa mzee kutoka upande wa Murang'a aliyeishi Kiptere tangu kabla sijazaliwa, na Kikipsigis chake kilikuwa safi kuliko Kiswahili changu. Alinunua gazeti kila siku basi la asubuhi lilipopita, na sheria yake ilikuwa moja: unasoma ukiwa umesimama kaunta, na hukunji. Siku hiyo aliligeuza upande wangu kabla sijaomba.

"Soma hapo chini," aliniambia. "Si wewe ndiye ulipita hesabu?"

Jeshi la anga lilikuwa likitafuta maafisa wanafunzi wa kusomea urubani. Mwombaji awe raia wa Kenya, wa miaka kumi na minane hadi ishirini na minne, hajaoa, mwenye alama nzuri katika hisabati, fizikia na Kiingereza, mwenye afya njema, asiye na rekodi ya uhalifu. Niliyanakili maneno hayo yote nyuma ya daftari langu la zamani la kemia, na daftari hilo ninalo mpaka leo. Hakuna palipoandikwa meno.

Nieleze kwanza kwa nini urubani. Nikiwa darasa la nne, baba alikuwa bado kibarua katika shamba moja kubwa la chai, na shamba hilo lilikuwa na kiwanja kidogo cha ndege, nyasi tupu zilizofyekwa. Siku moja nilimpelekea chakula nikakuta ndege ndogo imetua. Rubani alikuwa ameshuka, amevaa kaptura, anafuta kioo kwa kitambaa kama mtu anayefuta dirisha la nyumba yake. Goti lake moja lilikuwa na kovu kubwa. Mpaka siku hiyo nilidhani ndege huendeshwa na aina fulani ya viumbe ambavyo sisi hatuwezi kuwa. Kumbe ni mtu, aliwahi kuanguka na kujichuna goti kama mimi. Kuanzia hapo nilisoma fizikia kama mtu anayefuata nyayo.

Baba alipoambiwa, alimaliza chai yake. Kisha akauliza, "Karatasi zako ziko wapi?" Hiyo ndiyo ilikuwa baraka yake. Kwa wiki mbili nilihangaika: cheti cha mtihani, barua ya chifu, barua ya mchungaji, alama za vidole kwa polisi. Niliandika maombi kwa mkono mara nne hadi nikapata nakala isiyo na doa. Alfajiri nilikimbia barabara ya kituo cha kupimia majani ya chai na kurudi, na mchana nilichuma chai nikijiuliza maswali ya mwendo na nguvu. Mama alilalamika kwamba nachuma majani mazee kwa sababu akili yangu haiko shambani, na alikuwa anasema kweli.

Barua ya kuniita ilifika baada ya miezi miwili. Nifike uwanja wa michezo mjini Kericho, saa mbili asubuhi, na vyeti vyangu halisi na nguo za kukimbilia. Baba aliisoma barua hiyo kanisani mbele ya watu wote, nami nilitamani ardhi inimeze, lakini kusema kweli nilifurahi.

Tulikuwa vijana kama sitini. Wengine walitoka Bomet, wengine Kipkelion, wengine hata sikujua walitoka wapi. Tulikimbia kilomita nane, na nilikuwa wa saba. Tulipimwa urefu, kifua na uzito. Halafu tukaketishwa kwenye nyasi, kila mmoja na ubao mdogo wa kuandikia, tukapewa mtihani wa hesabu na wa kutambua maumbo. Afisa aliyesahihisha, mtu mnene mwenye sauti ya taratibu, alipitia karatasi yangu mara mbili kisha akauliza nilisoma shule gani. Nilipomwambia, alisema hajawahi kuisikia. "Lakini hakuna aliyekushinda hapa," akaongeza. Nilibaki nikiyatazama mawingu. Asubuhi yote hiyo nilikuwa tayari nimeshaingia kwenye ndege.

Jambo la mwisho lilikuwa daktari. Sijui kama alikuwa daktari kweli; alivaa koti jeupe juu ya nguo za jeshi. Tulipanga mstari tukiwa na kaptura tu. Alitazama nyayo, akabonyeza magoti, akachungulia masikio. Zamu yangu ilipofika, alisema, "Fungua mdomo."

Nikafungua.

Alinishika kidevu, akanigeuza kwenye mwanga. "Haya mengine ya chini yako wapi?"

"Yalitolewa, afande. Nikiwa mtoto."

"Yalitolewa na nani? Ulikuwa unapigana?"

"Hapana, afande. Ni desturi yetu ya zamani."

Aliniachilia kidevu akamwita mwenzake. "Kuja uone hii. Huyu ndiye anataka kuendesha ndege, na mdomo una dirisha."

Mwenzake alikuja. Nikaambiwa nifungue tena. Akasema kwamba nikiongea redioni nitapiga filimbi, na kwamba huko juu baridi itaniingilia hapo hadi tumboni. Walicheka. Mstari mzima ulicheka, pamoja na kijana mmoja tuliyesoma naye. Lazima niseme jambo hili kwa haki: baadhi ya waliocheka walikuwa wameziba midomo, na nilijua kwa nini.

Nilisema, "Afande, tangazo halikutaja meno."

"Tangazo lilisema afya njema."

"Afya yangu ni njema. Nimekimbia nikawa wa saba. Mtihani nimekuwa wa kwanza."

"Meno ni afya."

"Afande, mimi sijawahi hata kuumwa na jino."

"Utaumwaje na jino ambalo huna?" alisema, na wakacheka tena. Kisha akachukua kalamu ya wino mwekundu akanichora msalaba nyuma ya mkono. Wote waliokataliwa walichorwa hivyo, ili wasijipenyeze tena mstarini. Aliuchora polepole, kwa bidii, kama mwalimu anayekata jibu lisilo sahihi.

Ningeondoka wakati huo, hadithi hii ingekuwa fupi na pengine ningeisahau. Lakini sikuondoka. Nilivaa nguo zangu nikaketi karibu na goli, nikangoja wasome majina ya watakaoenda Nairobi. Nilitaka kuwaona walionishinda. Labda, nilijiambia, nitawaona ni watu wa aina nyingine, na moyo utatulia.

Saa tisa hivi afisa mkuu wao, aliyekuwa ameketi ndani ya gari siku nzima, alishuka na karatasi. Mimi nilikuwa karibu kiasi cha kuona kwamba imepigwa chapa. Uwanjani hapo hapakuwa na mashine ya kupiga chapa. Matokeo yote ya siku hiyo yalikuwa yameandikwa kwa kalamu, nimeyaona mimi mwenyewe, na bado yalikuwa kwenye meza ya yule afisa mnene ambaye hakuwa hata amemaliza kujumlisha.

Majina yalikuwa matano. Mawili ya kwanza, vijana waliitika wakapiga hatua mbele. La tatu, kimya. Afisa alilisoma tena. Tukageuka kutazamana. Alilisoma mara ya tatu kwa sauti kubwa, na hakuna mtu aliyeitika, kwa sababu hakuna mtu wa jina hilo aliyekuwa uwanjani. Hakukimbia, hakupimwa, hakufanya mtihani.

"Haya," akasema afisa, akaweka alama ya tiki kwenye karatasi, akaendelea na jina la nne.

Sijui nilisimama vipi. Nilijisikia tu nikisema, kwa sauti ambayo hata kule mbali ilifika:

"Afande, huyo ambaye hayuko, meno yake mmeyahesabu lini?"

Hakuna aliyecheka safari hii. Yule mwenye koti jeupe alianza kupanga vyombo vyake ndani ya sanduku. Afisa mnene aliinamia karatasi zake kama mtu aliyepoteza kitu kati yazo.

"Nani amesema hivyo?" akauliza mkuu.

Niliinua mkono, ule ule wenye msalaba.

Askari wawili walinishika mshipi. Mvua ilikuwa imenyesha jana yake na uwanja ulikuwa na matope. Niliamriwa nilale chini nibingirike kutoka goli moja hadi lingine, na kurudi, huku vyeti vyangu vikiwa ndani ya shati. Nilivishikilia vyeti hivyo kwa mikono miwili kifuani nikabingirika kama gogo. Nilipofika upande wa pili nilitapika. Vijana sitini walisimama wakitazama, na watatu miongoni mwao, si wote watano, wakapanda lori kwenda kuwa maafisa. Nilisema watatu: jina la tano pia halikuitikiwa. Hilo niliambiwa baadaye na yule tuliyesoma naye, kwa sababu lilipokuwa likisomwa mimi nilikuwa chini kwenye matope.

Langoni askari kijana aliyenitoa alinipa kitambaa nijifute uso. "Umesema kweli, ndugu yangu," alinong'ona. "Sasa nenda nyumbani, usisimame barabarani hapa."

Nilifika nyumbani jioni nikiwa na hasira iliyokuwa ikitafuta mtu. Ikampata mtu asiyefaa.

Bibi yangu, mama yake baba, tuliyemwita Kogo kama watoto wote wa kwetu wanavyoita bibi zao, alikuwa ameketi mlangoni mwa jiko akipukuchua mahindi. Ni yeye aliyenitoa meno. Nilikuwa na miaka tisa. Mama alikuwa amelazwa hospitali ya misheni upande wa Bomet akingoja kujifungua dada yangu, baba yuko naye, na mimi niliachwa kwa Kogo wiki mbili. Siku moja mzee mmoja alikuja na chuma chembamba. Kogo akanishika kichwa katikati ya magoti yake. Baba aliporudi akaliona pengo, yeye ambaye ana pengo kama hilo hilo lakini sasa ni mzee wa kanisa na alikuwa ameapa kwamba watoto wake hawataguswa, hakuongea na mama yake mpaka mahindi yakavunwa.

Nilisimama mbele ya Kogo na matope yangu. Nikamwambia kwamba ameniua. Nilimwambia kwamba kama si yeye na ushenzi wake ningekuwa rubani, kwamba nimechekwa kama punda sokoni, kwamba nilikuwa wa kwanza na nimerudi wa mwisho. Maneno mengine sitaki kuyaandika. Alinisikiliza huku mikono yake ikiendelea kupukuchua. Nilipomaliza aliuliza kitu kimoja tu.

"Walikuuliza nani alitoa?"

"Waliuliza."

"Ukasema nini?"

"Nikasema ni desturi."

"Kwa nini hukusema ni mimi?"

Nikaingia ndani. Kwa karibu mwezi mmoja sikumsalimia, na katika boma ambalo mlango wake na wetu inatazamana, kutomsalimia mtu ni kazi ngumu ya kila siku. Mama alinisihi. Baba hakusema kitu. Labda alijiona mwenyewe ndani yangu.

Kisha asubuhi moja ya Jumatatu Kogo alitoka nyumbani kwake amevaa viatu. Kogo hakuvaa viatu ila kwa harusi na mazishi. Mkononi alikuwa na kikapu na leso iliyofungwa fundo.

"Twende," aliniambia.

"Wapi, Kogo?" Neno hilo lilinitoka kabla sijakumbuka kwamba nimekasirika.

"Kwa hao watu."

Nilimweleza kwamba hao watu walishaondoka, kwamba walikuja siku moja tu. Akauliza ni nani aliyewapa uwanja. Nikasema labda serikali ya wilaya. "Basi twende kwa serikali," akasema, akatangulia.

Tulifika ofisi za wilaya saa tatu. Karani alituketisha kwenye benchi la ubao barazani. Watu walikuja baada yetu wakaingia kabla yetu. Saa sita karani akafunga akaenda kula, akarudi. Kogo hakuomba maji, hakuegemea ukuta. Saa nane na nusu ndipo tulipoingizwa kwa afisa mmoja, kijana mwenye tai, mgeni wa sehemu zetu kwa jinsi alivyotamka jina la kijiji chetu. Alisimama hadi Kogo akaketi, na kwa hilo namheshimu.

"Ndiyo, mama. Shida ni gani?"

Kogo akaanza kwa Kikipsigis, nami nikatafsiri. Alisema, "Mwambie mimi ndiye niliyemshika huyu kichwa akatolewa meno. Hakuomba, alikuwa anapiga kelele. Kama serikali ina kesi kuhusu meno, kesi ni yangu." Mimi nikatafsiri kwamba bibi anaomba ofisi isaidie kufuatilia suala langu la usajili.

Kogo alinitazama. Kiswahili hakukisema, lakini alikuwa amekisikia sokoni miaka hamsini.

"Hapana," akamwambia afisa mwenyewe, kwa Kiswahili. "Huyu nasema vipaya. Mimi natoa meno yake. Mimi. Kama iko makosa, shika mimi."

Afisa alitabasamu. "Mama, hakuna mtu anashikwa. Ni masharti tu ya jeshi."

"Jeshi." Akafungua leso. Ndani yake mlikuwa na medali ya babu, imepoteza utepe, na picha moja ndogo iliyokatika pembe. Babu alikufa kabla sijazaliwa. Alikuwa amechukuliwa na Waingereza kupigana vita vikubwa, akafikishwa Burma, akarudi. Katika picha hiyo askari sita Waafrika wamesimama mbele ya hema, na wanne kati yao wanacheka. Kogo aliweka kidole chake juu ya midomo yao, mmoja baada ya mwingine.

"Angalia. Huyu hakuna. Huyu hakuna. Huyu ni pwana yangu, hakuna." Kisha maneno ya Kiswahili yakamwishia akarudi kwa lugha yake, na safari hii nilitafsiri kila neno kama lilivyotoka. "Mzungu alikuja hapa akawachukua wakiwa na mapengo yao. Hakusema risasi zitapita hapo. Aliotaka wafe, hakuwahesabu meno. Leo serikali ni yetu, imeletwa na watoto wetu, na mtoto wangu anafunguliwa mdomo kama ng'ombe wa mnada. Nataka mtu aniambie, pengo la kufa na pengo la cheo ni mapengo mawili?"

Afisa aliichukua picha akaitazama kwa muda mrefu.

"Na kwa nini mlitoa meno, mama?" aliuliza, na nadhani aliuliza kwa sababu alitaka kujua.

Kogo akamwambia jambo ambalo mimi mwenyewe nilikuwa sijawahi kulisikia. Alikuwa na kaka mdogo. Kaka huyo alikanyaga msumari wa zizi, na baada ya siku kadhaa taya likafungana, pepopunda, na kwa kuwa alikuwa amesomeshwa misheni alikuwa na meno yote. Walishindwa kupata njia ya kumpa hata maziwa. Alimshika kichwa magotini akimsikiliza akifa kwa kiu, kikombe kimejaa mkononi.

"Nilitaka huyu akiugua, awe na njia," akasema.

Nilitafsiri nusu ya mwisho nikiwa natazama dirishani. Nilikuwa nimemwita mshenzi, mbele ya mama, mbele ya dada yangu.

Afisa aliandika. Aliniuliza habari za siku ile nami nikamweleza zote: mtihani, msalaba, karatasi iliyopigwa chapa, jina lililosomwa mara tatu. Nilipofika hapo kalamu ilisimama. "Hilo la jina," akasema, "sina uhakika kama litakusaidia kuliandika." Nikamwambia aandike. Kogo akauliza tunasema nini, nikamwambia, naye akagonga meza kwa kidole. "Aandike."

Sijui kama aliandika. Tulitoka tukaingia hotelini, nikamnunulia Kogo chai ya maziwa na andazi, na kikapu chake nikakibeba mimi hadi nyumbani. Sikumwomba msamaha kwa maneno. Njiani nilimwuliza kaka yake aliitwaje, naye akaniambia, akaniambia pia alivyopenda kuimba vibaya, akacheka hadi tukasimama kidogo akapumua.

Jibu la jeshi lilikuja baada ya miezi mitatu, bahasha ya rangi ya udongo yenye muhuri. Lilikuwa na sentensi mbili. Ya kwanza ilishukuru kwa barua ya ofisi ya wilaya. Ya pili ilisema kwamba kumbukumbu hazionyeshi kwamba mtu wa jina langu alifika kwenye usajili huo.

Niliisoma nikiwa nimesimama katika kaunta ya duka, mahali barua zetu zilipokuwa zikiachwa. Mwenye duka aliniomba aione. Aliisoma, akavua miwani, akasema kwa Kikipsigis chake safi neno moja ambalo mzee wa umri wake hapaswi kulisema mbele ya wateja.

Nilimpelekea Kogo. Nilimtafsiria mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza alidhani nimekosea.

"Kwa hiyo wewe uliyekuwa huko, hukuwa huko," akasema.

"Ndiyo, Kogo."

"Na yule ambaye hakuwa huko?"

"Huyo alikuwa huko."

Alitikisa kichwa. Hakulia, hakulaani. Aliikunja barua akaniambia niihifadhi na vyeti vyangu, kwa kuwa siku moja mtu atakataa kwamba iliandikwa. Ninayo.

Kwa miaka mingi watu wa kanisa letu wamenifariji kwa kusema Mungu alikuwa na mpango mwingine nami. Wanasema kama ningekuwa rubani pengine ningekufa ajalini, nisingeoa, nisingewafundisha watoto wao. Naelewa wanasema kwa upendo. Lakini nakataa. Sikunyimwa urubani na Mungu. Nilinyimwa na watu waliokuwa na kalamu na muhuri, waliokula chakula cha mchana chetu wakanywa chai yetu, na walijua wanachofanya. Kumtwika Mungu kazi yao ni kuwaachilia wapite bure, na mimi siwaachilii. Najua pia kwamba huenda ningeshindwa Nairobi. Huenda macho yangu yangekataa, au tumbo lingekataa. Hiyo ingekuwa shida yangu na ningeikubali. Nilistahili kushindwa kwangu mwenyewe.

Niliendelea kuchuma chai mwaka mmoja zaidi, kisha nikaitwa chuo cha ualimu. Niliposajiliwa, mama aliyeandika majina alitazama cheti changu, akatazama kitambulisho, akaniambia chumba changu ni namba gani. Nilisimama pale nikingoja. "Kuna kitu kingine, mwalimu?" akaniuliza. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kuniita hivyo. Nikasema hakuna, nikaenda kutafuta chumba. Nimefundisha fizikia tangu hapo, na kazi hiyo naipenda, na kuipenda kwangu hakubadilishi hata neno moja la niliyoyaandika hapa juu.

Kogo aliishi miaka tisa baada ya siku ile ya ofisini. Nilipokuja nyumbani likizo niliketi jikoni kwake jioni, redio ikiwa kati yetu kwenye kigoda, tukisikiliza habari naye akitaka atafsiriwe kila kitu, bei ya mahindi, matanga, mvua ya mawe ilipoanguka. Usajili wa jeshi ulipotangazwa, tarehe na viwanja na masharti, hakungoja tafsiri. Maneno hayo alikuwa ameyajua.

"Zima hiyo," alikuwa akisema.

Nami nilizima.